Mkate wa Leocadia

Kile kijisura cha chokaa kilivunjika mezani kwa Bi Fortunata siku ya mwisho ya Oktoba, asubuhi, hata unga haujachekechwa, na aliyekivunja hakusema samahani.

"Nimekwambia sitaki," alisema Bi Fortunata. "Nikwambie mara ngapi?"

Casilda, bintiye mkubwa, aliinama akaokota vipande. Kilikuwa kijisura cha kike, mashavu mekundu, nyusi nyembamba. Alikuwa amekwenda sokoni mapema kukinunua, makusudi, kabla mama yake hajanunua chenye masharubu kama mwaka jana na mwaka juzi.

"Mama, hajawahi kuota masharubu maisha yake yote. Hata hilo hukuliona?"

"Wanaume wa ukoo wetu hawaoti ndevu. Babu yako alikuwa nazo?"

"Mama!"

"Usinipandishie sauti. Mimi si mwanafunzi wako."

Haya, ngoja niseme mambo yalivyo, msije mkadhani ni watu wazima wawili wanagombania mwanasesere. Kwetu Viacha, mji mdogo jirani na La Paz, mwezi wa Novemba ukiwadia, marehemu huja kula. Hufika saa sita mchana tarehe mosi, huondoka saa sita mchana ya kesho yake. Basi kila aliyefiwa humkandia mtu wake mkate wenye umbo lake. Mwanamume hukandiwa kofia na suruali. Mwanamke, nywele za mikia miwili na sketi pana ya marinda. Usoni unapachika kijisura cha chokaa cha kununua, kisha unatia tanurini. Roho ikifika ijione pale mezani, ijue hapa ndipo kwao, ikae ipate kula. Ikikuta sura si yake hudhani imekosea nyumba, ikaenda zake na njaa yake. Na meza hiyo huandaliwa miaka mitatu tu. Mwaka wa tatu ndio wa kuagana, baada ya hapo hakuna tena. Mwaka huo ulikuwa wa tatu.

Aliyengojewa alikuwa mdogo wake Casilda. Alipozaliwa alibatizwa jina la kiume. Jina hilo mimi silitaji. Alilivua mwenyewe, na mtu akivua nguo iliyombana si adabu kumkimbiza nayo barabarani. Jina alilojipa ni Leocadia, nami ndilo nitakalotumia, anayenuna anune.

Leocadia lilikuwa jina la bibi yao, mama mzazi wa Bi Fortunata, na hapo ndipo moto ulipowaka. Pengine angejiita jina la mtu baki mambo yangekwenda vingine, sijui. Siku aliyokuja nyumbani kwa mara ya kwanza akiwa amevaa sketi ya marinda na kofia ya duara ya kike kichwani, alisimama getini akaita, "Mama, nimekuja." Bi Fortunata alikuwa uani anaanua nguo. Aliona pindo la sketi. Hakupandisha macho. Aligeukia ukuta, akasema na ukuta, "Hapa kwangu uje na suruali." Akasimama vile vile, uso ukutani, mpaka aliposikia geti limefungwa.

Miaka kumi na mmoja hakumwona tena. Kumsikia, alimsikia. Kila Jumapili Leocadia alipiga simu kutoka La Paz, alikokuwa fundi wa kushona sketi na shali, na mama mtu aliipokea kabla hata haijalia mara ya pili. Wakaongea bei ya viazi, miguu inavyouma, nani kaolewa, nani kaachwa. Wakacheka sana. Lakini kuonana, hapana. Mmoja hakuvaa suruali, mwingine hakufungua geti, na simu ikawa ndiyo nyumba yao. Kisha mwezi wa saba, kwenye baridi kali, kichomi kikamchukua Leocadia ndani ya wiki moja.

Sasa huyu Casilda. Viacha nzima wanamwita Dakta, nusu kwa heshima na nusu kwa kejeli. Wapo waliompelekea magoti yao awatazame. "Mimi si daktari wa dawa, mama yangu, mimi ni wa falsafa," alimwambia mmoja, naye akamjibu, "Sasa hiyo falsafa inauma wapi, tujue?" Amesomesha chuo kikuu miaka mingi, ameandika vitabu vitatu, anaalikwa nchi za watu kuzungumza juu ya wanawake na wanaume na nani aliyesema huyu ni huyu na yule ni yule. Na hoja yake kubwa, ile iliyompa jina, aliitoa jikoni kwa mama yake, maana Bi Fortunata aliwalea kwa kuuza mikate. Aliandika kwamba hakuna anayejifanya mwanamke au mwanamume peke yake. Tunakandwa: mikono ya mama, ya padri, ya mwalimu, ya jirani, hata ya mpita njia. Na kosa la dunia si kukanda, kwa kuwa unga usiokandwa hauwi mkate. Kosa ni kumkanda mtu huku analia, nawe umeziba masikio.

Maneno mazuri. Mimi mwenyewe nayapenda. Lakini katika kitabu kile kile kulikuwa na kurasa nyingi juu ya ndugu yake, maisha yake, getini kwa mama, yote. Leocadia alipomaliza kusoma alikwenda kwa Casilda, akaketi jikoni na kofia yake magotini.

"Dada, umenisifu mpaka nimeona aibu," alisema. "Lakini nikuulize. Kwa Mama mimi ni mvulana aliyepotea. Kwako wewe mimi ni mfano. Ni wapi nitakwenda niwe mtu aliyekuja kunywa chai tu?"

Casilda alicheka, akamtilia chai. Hakujibu. Mwaka uliofuata hakuwa na wa kumjibu.

Na la mazishi ndilo lililomtesa Casilda zaidi. Bi Fortunata alituma suti ya marehemu mumewe ipelekwe mochwari. Ujumbe ulikuwa mfupi: mwanangu azikwe kwa heshima. Na Casilda, mwanamke aliyesimama mbele ya kumbi zilizojaa akasema yote niliyoyasema, akaipokea ile suti akampa mhudumu. Alikuwa amechoka, alikuwa amelia siku mbili, na alimwogopa mama yake. Jeneza likaja Viacha limefungwa. Msalaba ukaandikwa jina la ubatizo. Casilda alisimama kaburini mikono mitupu, akanyamaza kimya. Kwa hiyo mnaona, mkate wa mwaka wa tatu haukuwa mkate tu kwake. Ulikuwa nafasi ya mwisho ya kumtendea mdogo wake haki, na ilikuwa inakwenda.

"Leo nitapita sokoni mwenyewe," alisema Bi Fortunata, akitafuta shali yake. "Nitanunua ninachokijua."

Casilda alikuwa bado ameshika vipande vya chokaa. Akavitupa mezani.

"Nenda, Mama. Nunua. Lakini nijibu jambo moja kwanza. Nani alinifundisha kwamba roho ikikuta sura si yake hudhani imekosea nyumba?"

"Mimi."

"Basi miaka miwili hii mwanao amekula nini?"

Bi Fortunata alisimama mlangoni.

"Ametoka huko atokako," Casilda aliendelea, na sasa alikuwa analia, "amefika hapa, amekuta lidude lina masharubu limekaa mahali pake. Unadhani alikaa? Ameondoka na njaa, Mama. Mara mbili. Wewe uliyekuwa ukituamsha usingizini tule kwanza, umemlaza mtoto na njaa miaka miwili."

Jamani, kuna maneno ambayo mtu akishayasema hata yeye mwenyewe huyaogopa. Yule mama, shida aliyoipata ujanani hamuijui. Amewahi kulala tumbo tupu ili wanawe washibe, akawadanganya kwamba amekwisha kula sokoni. Humwambii mama wa namna hiyo kwamba amemnyima mtoto chakula. Alijifunga shali akatoka, akaacha mlango wazi.

Casilda alikaa akakanda peke yake. Alikanda kwa ghadhabu mpaka unga ukalainika. Hakuwa akiamini kwamba marehemu huja kula, kama mnataka kujua. Aliacha kuamini zamani, akiwa msichana. Lakini alikuwa amesema kwa imani yote, na sasa neno lile la njaa lilikuwa limemrudia mwenyewe. Kila akitazama kiti cha upande wa dirishani alimwona Leocadia amekiangalia chakula, hathubutu kukaa.

Mama yake alirudi adhuhuri imepita. Mikono mitupu.

"Vimekwisha?" aliuliza Casilda.

"Vimejaa tele." Bi Fortunata aliketi bila kuvua shali. "Nilikishika kimoja cha masharubu. Nikakitazama. Nikasema, huyu nani? Yule muuzaji akaniuliza, mama unachukua au unabusu? Nikakirudisha." Alikunja pindo la shali yake. "Nikashika cha kike. Nacho simjui. Casilda, mimi simjui mwanangu alivyokuwa. Sauti naijua. Uso siujui."

Casilda aliufunika unga kwa kitambaa.

"Beba sinia," alisema mama yake. "Zamu yetu tanurini inapita."

Tanuri lilikuwa la Bi Encarna, mtaa wa pili, mwanamke mwenye mabega ya mbeba magunia na ulimi usiolala. Siku ile mtaa wote ulikuwa pale na masinia yake, kila mtu na maiti wake, unga puani, vicheko, wengine wanalia kidogo halafu wanacheka tena. Bi Fortunata alichagua pembe ya meza ndefu, akamwaga unga mkavu, akaanza. Kwanza alitengeneza mwili. Alipofika chini ya kiuno mikono ikasita. Kisha akachukua donge jingine akalitandaza, akakunja rinda la kwanza, la pili, la tatu, mapana, ya kumzunguka.

Wanawake wa upande wa pili wa meza wakaacha kukanda. Bi Encarna, akiwa na pauro lake refu la tanuri, akashindwa kujizuia.

"Hee, Bi Fortunata! Mwaka huu umezaa upya?"

"Zaa wewe, kiuno kingali chako," alijibu Bi Fortunata bila kuinua kichwa. "Angalia moto wako, mwaka jana uliniunguzia."

Watu wakacheka, likapita. Lakini Casilda aliyaona masikio ya mama yake yamekuwa mekundu. Bi Fortunata alikuwa mtu wa kuwaogopa majirani, hilo halikuwa siri. Ndiyo hofu iliyomgeuza uso ukutani siku ile, na sasa alikuwa anakunja marinda mbele yao wote.

"Nywele," alisema kwa sauti ya chini. "Alikuwa na nywele za namna gani?"

"Mikia miwili. Lakini zilikuwa nyembamba, akawa anaziongeza kwa nyuzi za sufu nyeusi zifike kiunoni."

"Nywele nyembamba za baba yake hizo." Akasuka mikia, akaiweka mgongoni. "Kofia?"

"Aliiinamisha kushoto. Sana. Nilikuwa nikimwambia itaanguka."

"Ilianguka?"

"Kila siku."

Bi Fortunata alitoa sauti ndogo, kicheko kilichokatikia njiani. Akainamisha kofia. Hapakuwa na kijisura cha kupachika, kwa hiyo uso aliufanya kwa vidole vyake, pua, kope, kidevu, na kila akigusa aliuliza. Jicho lilikuwa dogo au kubwa? Lile kovu la nyusi, alilopata alipoanguka ngazini akiwa mtoto, lilibaki? Lilibaki, Mama, alilipaka wanja juu yake. Alikuwa na kishimo shavuni? Kimoja tu, cha kulia, akicheka. Akachovya ncha ya kidole shavu la kulia.

Alipofika kwenye mikono aliifanya mikubwa, ya kukandia. "Hii siulizi. Mikono yake ilikuwa kama yangu, tangu mchanga."

"Mfanyie midogo, Mama."

"Kwa nini?"

"Aliichukia. Alikuwa akiificha chini ya shali, hata kwenye joto. Alisema ndiyo inayomsaliti."

Bi Fortunata aliitazama mikono yake mwenyewe, imejaa unga mpaka viwikoni. Nadhani katika yote aliyoambiwa siku ile hili ndilo lililomuuma kuliko yote, kwamba kitu pekee alichompa mtoto bila shaka yoyote, mtoto alikionea aibu. Hakuipunguza ile mikono ya mkate. Alichukua donge dogo, akalisukuma likawa jembamba, akalifanya shali, akamfunika nalo kifuani mikono ikafichika.

"Haya," alisema. "Hakuna atakayeiona."

Karibu nao mtu alikuwa akigombana juu ya mkate wa nani uliopinda. Bi Fortunata akafuta uso kwa mgongo wa mkono, ukabaki mweupe kwa unga.

"Alikuwa mzuri?"

"Alifanana na wewe, Mama. Ile picha yako ya sokoni, uliyopiga umevaa kofia ya bibi. Watu waliiona ukutani kwangu wakadhani ni yeye."

"Mimi nilikuwa mzuri sana," alisema Bi Fortunata, kisha akalia. Alilia kwa sauti, mbele ya mtaa mzima, mikono imening'inia pembeni asije akaharibu mkate. Bi Encarna alikuja, hakufanya mzaha tena. Alilichukua sinia mwenyewe, akalitia ndani taratibu, akasimama karibu na mdomo wa tanuri mpaka lilipotoka, wala hakumwitikia mtu yeyote aliyemwita.

Kesho yake meza ikaandaliwa sebuleni. Kitambaa cheupe, kwa kuwa ndio mwaka wa kuaga. Matao ya miwa, kitunguu chenye bua lenye uwazi na maua yake, roho ibebee maji njiani, ngazi ya mkate ya kushukia na farasi wa mkate wa kubebea mizigo, soda ya papai aliyoipenda, na bakuli la supu ya karanga iliyojaa viazi. Katikati, Leocadia. Alikuwa ametoka mwekundu wa kahawia, kofia upande, kishimo shavuni. Kengele za kanisa zikagonga saa sita. Nzi mmoja akaingia dirishani, akazunguka, akatua ukingoni mwa bakuli. Kwetu nzi wa siku ile hafukuzwi, huenda ndiye mgeni mwenyewe. Casilda, msomi wa watu, alisogeza kikombe chake apate nafasi.

"Karibu mama," alisema Bi Fortunata, kama anavyoitwa binti mwenye jina la bibi yake. "Kaa. Kula, ni yako yote."

Alikaa mbele ya meza ile mchana kutwa. Hakupika tena, hakupokea wageni vizuri. Walioleta sala walijisalia wenyewe wakapewa mikate yao wakaondoka. Alikuwa anatazama tu. Jua lilipokuwa linashuka akauliza, "Siku ile getini, sketi ilikuwa ya rangi gani? Mimi niliona pindo."

"Ya buluu."

"Pindo lilikuwa na ua jeupe."

"Alilitarizi yeye. Alishona wiki nzima, Mama. Alitaka uone kazi yake."

Bi Fortunata alitikisa kichwa polepole. Casilda akaona asiposema sasa hatasema kamwe.

"Na mimi nilimvisha ile suti. Ningeweza kukataa. Sketi ile ya buluu ilikuwa kabatini kwake, ningeweza kuipeleka. Nilinyamaza, Mama. Mimi ninayejua kusema."

"Wewe uliniogopa mimi," alisema mama yake. "Mimi niliwaogopa majirani. Yeye peke yake ndiye hakumwogopa mtu, na ndiye aliyekaa nje." Akanyoosha mkono akaunyoosha ukingo wa kitambaa cha meza, ambao haukuwa umekunjamana. "Alinisomea kile kitabu chako kwenye simu, unajua? Jumapili nyingi. Akifika pale pa kukanda anasema, Mama, hapa anakusema wewe. Nami nacheka. Sikujua naambiwa kitu."

Kulipokucha walibeba kila kitu kwenda makaburini, kama ilivyo desturi, wakatandika kile kitambaa juu ya kaburi. Watu walikuwa wengi, muziki huku, sala kule. Kila kaburi hupitiwa na watu wa sala. Wanauliza jina la marehemu, wanamwombea, wanapewa mkate na matunda. Mzee Zenobio alifika kwao kabla ya saa sita. Ndiye aliyewasalia miaka yote miwili. Alivua kofia, akasoma msalaba, akafungua mdomo aanze na jina lililoandikwa pale.

"Ngoja, Mzee," alisema Bi Fortunata.

"Nini tena?"

"Hujaniuliza tunamwombea nani."

Mzee Zenobio akautazama msalaba, akamtazama mama, akautazama mkate. Watu wa makaburi ya jirani waligeuka. Bi Encarna alikuwa miongoni mwao, na shemeji wawili, na yule mama wa duka la pembeni ambaye Bi Fortunata alimwogopa kuliko padri.

"Haya, naomba kujua. Tunamwombea nani?"

"Leocadia."

"Leocadia si mama yako, Bi Fortunata? Huyo tulikwisha kumuaga, mimi ningali kijana."

"Si mama yangu," alisema, na sauti yake ilisikika mpaka njiani. "Ni binti yangu."

Casilda alimshika mkono. Mzee Zenobio alikohoa, akaivaa kofia, akaivua tena. Pengine hakukubaliana, pengine hakuelewa. Mimi simjui moyo wake. Lakini alikuwa mtu wa kazi yake. Akaanza: tuiombee roho ya Leocadia, binti wa Fortunata. Bi Encarna akaitikia wa kwanza, kwa ile sauti yake ya kuita watu tanurini, na wengine wakafuata.

Ikabaki kuugawa mkate. Mwaka wa tatu hakirudi kitu nyumbani. Ukirudisha hata kipande, roho nayo hurudi nacho, ikakwama, isiwe ya huku wala ya kule. Bi Fortunata alianza na miguu akampa Mzee Zenobio. Akavunja marinda, moja moja, akawapa waliosali. Bi Encarna alipewa shali na ile mikono chini yake, akaipokea kwa viganja vyote viwili. Mpaka ukabaki uso tu na kofia yake, kwenye mapaja ya mama, na kengele ya saa sita ilikuwa karibu kugonga.

Hapo akakataa. Aliukumbatia kifuani.

"Nimemwona juzi," alisema. "Casilda, nimemwona juzi tu. Mnaniambia nimuage leo?"

"Mama."

"Nikimweka kabatini nani atajua? Wewe si huamini mambo haya? Sema basi. Sema ni unga tu, nimchukue nyumbani."

Na hakika Casilda hakuamini. Angeweza kusema, neno moja tu, na mama yake angepata uso wa kutazama jioni zote zilizobaki. Aliufungua mdomo aseme. Akamkumbuka Leocadia amesimama getini na sketi ya buluu, hawezi kuingia, hawezi kuondoka.

"Usimsimamishe tena mlangoni, Mama," alisema. "Mwache aende."

Kengele ikagonga. Bi Fortunata aliubusu ule uso, penye kovu. Kisha akauvunja katikati, nusu akampa Casilda, nusu akaila mwenyewe, polepole, mpaka makombo ya mapajani. Watu wakaanza kukunja vitambaa vyao na kuaga.

"Ameshiba?" aliuliza.

"Ameshiba, Mama."

"Na mwakani?"

"Mwakani hakuna meza. Ni miaka mitatu."

"Mitatu," alisema Bi Fortunata. Alikung'uta sketi yake, akajaribu kuinuka, akakaa tena. "Miwili nilimwandalia mtu mwingine."